Padre Tilwin na Neno Alilolikosea

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani, nao waliipokea kwa waliowatangulia wao, ya kwamba katika nchi ya Waingereza, zama zile kisiwa chao kilipokuwa na wafalme wengi na barabara chache, aliishi padre mmoja mcha Mungu aliyeitwa Tilwin. Kanisa lake lilikuwa la mbao, limeezekwa nyasi, nalo liliwekwa chini ya ulinzi wa Mtume Petro. Kijiji chenyewe kilikuwa bondeni, kati ya mto na msitu wa mialoni, na watu wake walikuwa wafuga kondoo na wakulima wa shayiri.

Watu wa zama hizo walikuwa na lugha mbili. Kilatini kilikuwa lugha ya madhabahu na ya vitabu. Kiingereza kilikuwa lugha ya shamba, ya jikoni na ya kubembelezea watoto. Kilatini kiliandikwa, Kiingereza kilisemwa na kuimbwa, na wasomi wengi waliona kwamba kukiandika ni kuharibu ngozi ya ndama bure, kwani vitabu vyao waliviandika juu ya ngozi, na ngozi haikupatikana kirahisi.

Padre Tilwin hakujua kusoma. Msimcheke. Baba yake alikuwa mchunga nguruwe, na ibada zote alifunzwa kwa masikio tu na padre mzee aliyemtangulia, mzee mwema sana, ila hakuwa na jino hata moja la mbele. Neno lilivyotoka kinywani mwa mzee ndivyo Tilwin alivyolipokea, akalitunza kama mtu atunzavyo amana, asipunguze wala asiongeze. Kwa muda wa miaka ishirini na miwili alibatiza, akazika, akafungisha ndoa. Kondoo wa jirani akishindwa kuzaa, Padre alikunja mikono ya kanzu akasaidia. Na alipohubiri kwa Kiingereza, hata wazee waliozoea kusinzia kanisani walikaa macho, kwa maana Mwenyezi Mungu alimjalia ulimi mtamu katika lugha ya mama yake.

Basi ikawa majira ya kuchipua, akaja kijijini mtawa mmoja wa makamo, Mama Leofruna, kutoka monasteri ya wanawake iliyokuwa ng'ambo ya mto. Mama huyu alikuwa na kazi ambayo wengi hawakuielewa. Alikuwa na kitabu cha Zaburi kwa Kilatini, naye juu ya kila neno la Kilatini aliandika, kwa herufi ndogondogo, neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo, ili mabinti walioingia utawani wapate kujua wanamwambia nini Mola wao wanapoimba. Kazi ilikuwa imemkwama.

"Padre," akamwambia, "nimeambiwa hakuna azijuaye hazina za lugha yetu kama wewe. Nimefika kwenye neno la Kilatini la rehema, na sina neno la kulitwika juu. Mtu ambaye akimwona mnyonge moyo wake huyeyuka, watu wako humwitaje?"

Tilwin akafikiri kidogo. "Sisi humwita mwenye moyo mpole."

"Basi hali yake ni upole-wa-moyo," akasema Mama Leofruna, na uso wake ukachangamka kama aliyeokota pete. Akakaa siku mbili, akimuuliza majina ya miti, ya ndege, ya vifaa vya kufumia, na kila jibu akaliweka akilini.

Siku ya pili akaletwa mtoto wa kubatizwa. Mama Leofruna akasimama pamoja na waumini. Tilwin akammiminia mtoto maji mara tatu, akatamka maneno ya Kilatini kama alivyoyatamka mamia ya mara. Mtawa akainamisha kichwa, asikiinue tena mpaka watu walipotawanyika.

Ndipo akamfuata Padre nje, penye ukuta wa kanisa, akamwambia kwa sauti ya chini: "Padre, nina jambo. Nimeomba linipite, halikunipita."

"Sema, Mama."

"Katika Kilatini, 'Baba' unapombatiza mtoto kwa jina lake ni *Patris*. Wewe umesema *Petri*."

"Si ndilo neno hilo?"

"*Petri* ni Petro, Padre. Umembatiza mtoto kwa jina la Petro, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Tilwin akajishika ukutani. Akaikumbuka sauti ya yule mzee, ule mdomo usio na meno uliomeza maneno nusu nusu. Akakumbuka kwamba kanisa lenyewe ni la Mtume Petro, ndiyo maana neno lile halikumshtua hata siku moja. Kisha zikamjia nyuso. Miaka ishirini na miwili ya nyuso.

"Na wale wote?" akauliza.

"Mimi si askofu," akajibu mtawa. "Sijui hukumu yake, wala sitakwenda kumwambia mtu. Nimekuambia wewe kwa sababu neno ni lako." Akaagana naye, akavuka mto kurudi kwao.

Padre Tilwin akabaki na mzigo wake. Mtoto yule wa juzi alimrudia ubatizo upesi. Alikwenda nyumbani kwao, akaomba maji, akamwambia mama mtu kwamba kuna neno halikukaa sawa, akambatiza kwa *Patris*. Hilo lilikuwa jepesi. Lakini wale wengine? Wengine walikuwa wameoa na kuolewa. Wengine walikuwa wamehamia mbali. Na wengine, Mungu wangu, walikuwa chini ya udongo pale pale nje ya kanisa. Miongoni mwao alikuwamo binti wa Ebba.

Huyu Ebba alikuwa mjane, mtengeneza jibini, mwanamke wa maneno machache. Miaka saba nyuma alizaa binti, na binti akaishi siku tisa. Mtoto alipozikwa, Ebba alimshika Tilwin mkono akamuuliza swali moja tu: "Padre, yuko salama?" Naye akamjibu bila kusita: "Yuko salama, binti yangu. Nilimbatiza mimi mwenyewe." Kwa jibu hilo Ebba aliinuka, akarudi kwenye kondoo na vyungu vyake, akaishi.

Nafsi ikaanza kumshawishi Padre. Ikamwambia: nani katika bonde hili anajua Kilatini? Sahihisha neno kuanzia leo, unyamaze, watu wabaki na amani yao. Ukisema, utawavunja mioyo walio hai na kuwafukua waliokufa. Si huruma hiyo? Na ushawishi ulikuwa mzito kwa sababu ulivaa kanzu ya huruma. Siku tatu mkate wake ulikauka mezani.

Jumapili iliyofuata alibatiza mtoto mwingine mbele ya watu wote, kwa neno lililo sahihi. Ibada ilipokwisha, Ebba akabaki nyuma.

"Padre, leo umetamka tofauti."

Tilwin akauliza, "Nimetamka nini?"

"Sijui maana yake. Ila kila siku hulianza kwa *Pe*, leo umelianza kwa *Pa*. Nimelisikia miaka yote, nalijua kama nijuavyo mlio wa mlango wangu."

Jawabu lilikuwa tayari ulimini mwake: ni mafua tu, mama, baridi ya asubuhi. Maneno machache hayo, na kila kitu kingekwisha. Alifungua kinywa kuyasema. Akamtazama yule mwanamke, akaona kwamba akimdanganya sasa, basi hata lile jibu alilompa miaka saba iliyopita litakuwa uongo, na hilo hakuweza kulibeba.

"Keti, Ebba," akasema.

Akamweleza yote. Hakujitetea kwa ujinga wake, wala hakumtupia lawama mwalimu wake marehemu. Alipomaliza, Ebba hakulia. Alisema, "Kwa hiyo hujui kama yuko salama."

"Sijui. Nakwenda kwa askofu akanihukumu. Nitaondoka kesho."

Ebba akainuka akatoka bila kuaga. Tilwin akajua amempoteza.

Lakini asubuhi, alipofungua mlango, alimkuta amesimama nje na fimbo ya safari na mfuko begani. "Nimewaachia majirani kondoo," akasema. "Nakwenda nawe. Habari za mwanangu sitaletewa na mtu. Nitazisikia mwenyewe."

Wakatembea siku nne. Mvua iliwapiga siku mbili. Hawakuongea sana. Padre alitoa mkate wake wa shayiri, naye Ebba akaushika mkononi, akauzungusha, akaurudisha mfukoni. Tilwin naye vivyo hivyo. Kila mmoja aliona kwamba mwenzake hali kitu, na hakuna aliyemsihi mwenzake.

Walipofika makao ya askofu waliambiwa kwamba ni mgonjwa wa miguu. Wakaingizwa hata hivyo. Walimkuta mzee mnene ameketi kwenye kiti cha mbao, miguu yake miwili iliyovimba imetiwa katika beseni la maji ya moto. Kando yake alisimama shemasi kijana aliyesoma sana, mwenye wino vidoleni. Askofu aliitwa Wulmar, naye alisifika kwa mambo mawili: elimu na kukosa subira na watu wavivu.

Tilwin akapiga magoti, akaungama yote.

Shemasi ndiye aliyetangulia kusema, naye alisema kwa Kilatini, kwa kirefu na kwa haraka, akihesabu hoja kwa vidole.

"Semeni kwa lugha ninayoielewa!" Sauti ilikuwa ya Ebba. Wote wakageuka. Alikuwa amesimama mlangoni, nguo zinamchuruzika maji. "Nisameheni, Baba Askofu. Anayezungumziwa hapo ni mwanangu."

Shemasi akaona haya. Askofu akamwashiria. "Mama amesema haki. Rudia kwa Kiingereza."

"Nilisema, Baba," akasema shemasi taratibu, "kwamba neno likiharibika, huenda na tendo likawa batili. Kwa maana Kanisa halibatizi kwa jina la Petro."

"Halibatizi," akakubali askofu. Akamwelekea Tilwin. "Ulipommiminia maji mtoto wa mama huyu, ulimkusudia nani moyoni mwako? Petro?"

"Hapana, Baba. Mungu Baba."

"Kila mtu angesema hivyo akiwa amepiga magoti mahali ulipo. Nitajuaje?"

Tilwin akainamisha kichwa, kwa maana ni kweli, angejuaje?

Ebba akapiga hatua mbili mbele. "Mimi najua alimkusudia nani. Alituambia."

"Aliwaambia nini?"

"Kila akimaliza kumwaga maji, humgeukia mzazi akamwambia kwa lugha yetu kile alichokifanya. Siku ya mwanangu aliniambia mimi." Akafumba macho, akayatoa maneno kama yalivyokuwa. Nanyi jueni ya kwamba tungo za Waingereza wa kale hazikufungwa kwa vina vya mwisho kama tungo zetu. Zilifungwa kwa vichwa vya maneno, herufi ikaita herufi mwenzake. Alisema:

"Baba aliyebuni bara na bahari,
Mwana mpole wa mateso na msalaba,
Roho wa rehema, rafiki wa roho zetu:
watatu hawa ni Mungu mmoja,
na mtoto huyu ni mali yake."

Akafumbua macho. "Miaka saba nimeyasema haya kila niamkapo. Sikuongeza kitu."

Askofu akamgeukia msomi wake. "Shemasi. Umemsikia Petro humo?"

"La, Baba."

"Hata mimi sikumsikia." Uso wa mzee ukalegea, akafuta macho kwa mkono wa kanzu. "Sikilizeni basi. Huyu hakuleta mafundisho mapya, wala hakumkana Mungu. Ulimi wake ulikosea katika lugha asiyoijua, na moyo wake ulinyooka katika lugha aijuayo. Mwenye kubatiza ni Mungu. Hawa watoto wamebatizwa, wote, walio hai na waliokufa. Hakuna wa kurudiwa."

Ebba akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa: "Kwa hiyo mwanangu..."

"Mwanao yuko pale pale alipokuwa miaka yote saba, mama. Hakutoka hata hatua moja."

Ebba akaketi sakafuni, palepale penye maji yaliyochuruzika nguoni mwake, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua kuni alizozibeba toka msituni. Wote wakadhani atalia. Yeye akasema, "Nina njaa."

Shemasi mwenyewe ndiye aliyekimbia jikoni. Alileta mkate wa ngano, bakuli la mchuzi wa dengu na kipande kikubwa cha jibini. Ebba akala kwa mikono miwili. Alipoonja jibini akatulia, akalitafuna taratibu, akasema, "Limezidi chumvi." Askofu akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika sakafuni, na Padre Tilwin, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, akajikuta anacheka pia huku machozi yanamtiririka mashavuni hadi ndevuni. Alikuwa amesahau kwamba mwili wa mtu unaweza kuwa mwepesi namna hii.

Lakini askofu hakuwa amemaliza naye. "Inuka, Tilwin. Ulimi nimekusamehe. Ila liko ambalo sitalisamehe bila toba. Miaka ishirini na miwili umeyabeba maneno usiyoyajua maana, na hukumuuliza mtu hata siku moja. Kwa nini?"

"Niliona haya, Baba. Nilidhani padre hapaswi kuuliza."

"Basi toba yako ni kuuliza. Majira ya baridi yajayo utakwenda kwa yule mtawa aliyekusahihisha, uketi na mabinti wake wadogo, ujifunze herufi."

"Nina umri wa miaka hamsini, Baba."

"Utakuwa mrefu kuliko wenzako darasani. Nenda."

Kisha akamwagiza shemasi alete ngozi na wino, ayaandike maneno ya ubatizo kwa Kilatini, na juu yake maana kwa Kiingereza, na chini yake yale ambayo mama huyu ameyasema, ili nakala zipelekwe kwa kila padre wa jimbo asiyejua Kilatini, asije mwingine akaikosa njia.

"Kwa Kiingereza, Baba?" Shemasi akakuna kichwa. "Zipo sauti zetu ambazo Kilatini hakina herufi zake. Ile ya ulimi kati ya meno, nitaiandikaje?" Alikusudia sauti kama ile tuanzayo nayo tusemapo *thawabu*.

"Wazee wetu walikuwa wakichora alama juu ya mbao na mifupa kabla hatujaona kitabu. Hawakuwa na alama ya sauti hiyo?"

"Walikuwa nayo."

"Basi iazime. Herufi haina dhambi."

Shemasi akaketi chini karibu na Ebba, akachonga kalamu ya unyoya wa bata bukini. Akamwomba aseme polepole. Ebba, mwenye makombo ya mkate kwenye nguo, akasema neno moja moja, na kijana yule aliyesoma vitabu vingi akaandika asemayo mtengeneza jibini, akimrudisha nyuma kila alipotatizwa. Padre Tilwin akasimama nyuma yao, akitazama maneno ya kinywa chake yakigeuka alama nyeusi asizoweza kuzisoma bado.

Wakarudi kwao kwa siku nne tena, na safari hii waliongea. Jumapili Tilwin aliwaeleza watu wote lililotukia, kosa na hukumu yake, bila kuficha. Mzee mmoja tu ndiye aliyesimama, akauliza kama sasa asherehekee siku ya Petro au asisherehekee, na alipojibiwa kwamba asherehekee kama kawaida, akaketi ameridhika. Na baridi ilipoingia, Padre alifungasha vitu vyake akavuka mto.

Wanasema alisoma kwa shida sana, na kwamba mabinti wa Mama Leofruna walimsaidia kushika kalamu. Wanasema pia kwamba neno la kwanza aliloweza kulisoma peke yake, bila kusukumwa, lilikuwa neno la Kiingereza, naye alilisoma kwa sauti kubwa hata watawa waliokuwa bustanini wakasimama na majembe yao.

Ndugu zangu katika imani, katika jambo hili mna la kuzingatia. Padre Tilwin aliogopa kwamba ukweli utamnyang'anya Ebba mtoto wake mara ya pili. Ukweli haukumnyang'anya. Lakini kama angenyamaza, amani ya Ebba ingebaki imesimama juu ya mafua ya uongo, na yeye Padre angeingia kaburini na nyuso zile zote. Tukikosea, tuseme. Tusipojua, tuulize, hata kama ndevu zimeota mvi. Mola wetu anazisikia lugha zote, naye hutusikia vizuri zaidi tunapomwambia lile tulilokuwa tunalificha.